Antigua wameweza, Unguja tunangoja nini?

Kilichonichoma Antigua, kisiwa cha Karibi, ni tanga. Lilitandazwa sakafuni ndani ya jengo kuukuu, na fundi amepiga magoti juu yake, anashona. Hapo ni Nelson's Dockyard, kwenye ghuba ya English Harbour, pahala palipoanza kujengwa miaka ya 1720 ili manowari za Kiingereza zitengenezwe huko huko bila kurudi Ulaya. Nilitoka London kufuata pwani zao, ambazo wenyewe hujisifu kuwa ni 365. Nzuri, sikatai. Lakini Kendwa na Paje hazishindwi na pwani ya mtu yeyote. Nilichokionea wivu ni yule fundi.

Jeshi la majini lilifunga karakana hiyo mwaka 1889, mapaa yakaanguka, majani yakaota. Mwaka 1951 watu wakajikusanya kuikarabati, na 1961 ikafunguliwa. Leo mwenye mashua anagongewa pasi yake humo humo, ananunua mkate humo, analala hoteli ambayo zamani ilikuwa ghala la shaba na mbao. Mgeni analipa kiingilio, na mamlaka yao ya hifadhi inaangalia majengo. UNESCO iliwaorodhesha kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2016. Mji Mkongwe uliorodheshwa mwaka 2000, jamani! Tuliwatangulia miaka 16.

Na Beit al-Ajaib, lile jumba letu kubwa la Mji Mkongwe? Habari ya Krismasi ya 2020 mnaijua, sehemu yake ilipoanguka, na waliofia pale Mungu awarehemu. Jumba hilo la Sultani Sayyid Barghash, la mwaka 1883, lilisimama mizinga ya Waingereza ilipobomoa majirani zake Agosti 1896. Likaja kuporomoka mikononi mwetu wenyewe. Hilo linaniuma mpaka leo.

Najua nitakayoambiwa: kapanda ndege, kaanza kutudharau. Mwenye dharau hapotezi usiku mzima kuandika haya. Mwingine atasema chumvi ya bahari inakula mawe. Antigua nako kuna chumvi, na juu yake vimbunga. Kile cha Septemba 2017 kiliwahamisha watu wote wa Barbuda, kisiwa chao cha pili. Wana pesa za watalii? Sisi hatuna? Wao hawafiki hata robo yetu kwa idadi ya watu.

Kuna hoja moja naiheshimu: kwamba kulitunza jengo la mkoloni ni kumtukuza mkoloni. Lakini mawe yale yalibebwa na Waafrika waliofanywa watumwa, na maelezo ya UNESCO yenyewe yanasema bila wao karakana isingejengeka. Kiongozi wao mmoja, King Court, aliuawa kikatili mwaka 1736 kwa kupanga maasi. Leo ni shujaa wa taifa. Nelson, ofisa wa manowari za Kiingereza, alikaa pale miaka mitatu tu, 1784 hadi 1787. Jina lake limebaki, lakini funguo wanazo wajukuu wa waliobeba mawe.

Tena sisi tuna zaidi yao. Mashindano yao ya matanga hujaa mashua za kitajiri kutoka nje. Fundi wa Nungwi anaunda jahazi kwa jicho, bila mchoro, anakalafati kwa pamba na mafuta, na jahazi linavuka hadi Bara na mizigo. Ujuzi huo haumo katika chumba hata kimoja cha maana mbele ya Forodhani. Mle Beit al-Ajaib tuliwahi kuweka mtepe wa maonyesho, chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba, mzuri kabisa, watu wakipita wanautazama tu.

Kwa hiyo nasema wazi, mkasirike mkitaka: jumba likisimama tena, lisiwe hoteli yenye mlinzi wa kumfukuza mtoto wa Mkunazini. Ghorofa ya chini wapewe mafundi wa matanga na waunda ngalawa, walipwe, wafundishe vijana. Na pesa ya kiingilio ibaki pale pale, inunue chokaa, izibe paa kabla ya masika.