Andikeni Sababu: Sinki la Choo, Mfuniko Wake na Kichwa cha 6910

Wiki tatu zilizopita nilisimama katika bandari kavu moja ya Dar es Salaam nikitazama makatoni ya masinki ya choo yakishushwa kutoka kwenye kontena lililokuwa limeshatamkwa forodhani na ushuru wake kukokotolewa, nikaambiwa kwa mdomo, katika sentensi moja, kwamba mzigo wangu umepangwa vibaya. Niliuliza ni kanuni gani iliyotumika, nikajibiwa kwamba ndivyo inavyofanyika. Kontena lilikaa siku 11 zaidi, gharama za kuhifadhi zikaongezeka kila kulipokucha, masinki 5 yakavunjika wakati wa ukaguzi, na hadi ninapoandika haya nimepewa hati ya malipo ya nyongeza yenye tarakimu tupu, bila neno moja linaloeleza kosa langu lilikuwa nini.

Wenzangu wa Kariakoo wanaujua mzigo wenyewe: sinki la choo cha kukaa, la vipande viwili, kutoka Chaozhou, China, na kila seti ina bei moja kwenye ankara. Ndani ya katoni mna sinki, tangi la maji la kauri ambalo mashine yake ya kuflashi imeshafungwa ndani, mfuniko wa plastiki na kifuko cha skrubu. Wakala wangu aliyatamka yote chini ya kichwa cha 6910, yaani namba ya kundi la vyombo vya choo na bafu vya kauri katika orodha ya ushuru. Afisa aliyekagua aliamua kwamba mfuniko uende 3922 kwa kuwa ni wa plastiki, na mashine ya tangi iende 8481 pamoja na koki na valvu. Ukisoma haraka utadhani ni suala la kupanga tu, lakini bei ya ankara ilikuwa ya seti nzima, na seti ilipogawanywa sinki lilibakiwa na thamani yake yote ya awali, huku mfuniko na mashine vikipachikwa thamani nyingine juu yake. Kitu kimoja kikatozwa ushuru mara mbili, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 ikakokotolewa juu ya jumla hiyo iliyovimba, kwa sababu kodi hiyo hukokotolewa baada ya ushuru kuingizwa.

Sasa tusome kanuni. Kanuni ya kwanza ya tafsiri ya HS, mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba, ambao dunia imeutumia tangu 1988, inasema bidhaa hupangwa kwa maneno ya kichwa husika pamoja na maelezo ya sehemu na ya sura. Kichwa cha 6910 kinataja kwa majina masinki ya kuoshea, mabeseni ya kunawia na nguzo zake, mabafu, mabakuli ya choo (ndiyo haya tunayoyaita masinki ya choo), matangi ya kuflashi, vyoo vya kukojolea vya wanaume na vifaa vya namna hiyo, vyote vya kauri. Maelezo ya Ufafanuzi ya Shirika la Forodha Duniani yanaongeza kwamba tangi la kuflashi la kauri linabaki katika kichwa hicho liwe na mashine yake au lisiwe nayo. Swali la mashine yangu lilikwisha kujibiwa Brussels, kwenye makao ya shirika hilo, kabla meli haijang'oa nanga. Mfuniko unahitaji hoja zaidi, nami ninayo: Kanuni ya 3(b) inasema seti iliyofungwa kwa ajili ya rejareja hupangwa kwa kile kinachoipa sifa yake ya msingi, na mteja anayeingia dukani kwangu huulizia sinki, mfuniko akaukuta umo humo ndani ya katoni kwa bei ileile.

Lazima nikiri jambo moja, ingawa linaniuma. Katika kontena hilohilo mlikuwa na vyombo vya sabuni vya kauri vya kufungwa ukutani na vishikio vya karatasi ya choo, na wakala wangu aliviweka navyo 6910. Maelezo yaleyale ninayoyategemea yanavitoa humo waziwazi, hata kama vimeundwa ili vishikizwe ukutani, na kuvipeleka 6911 vikiwa vya kaure (porcelain), au 6912 vikiwa vya kauri nyingine, pamoja na sahani na mabakuli. Mabeseni ya haja ya wagonjwa nayo huenda huko, kwa sababu hayaungwi na mfumo wa maji wala wa majitaka. Vilevile mifuniko 30 ya akiba iliyokuja peke yake, bila sinki, ni ya 3922 bila ubishi. Hapo afisa alikuwa sahihi na mimi nilikosea. Lakini hata hapo alipokuwa sahihi hakunieleza sababu. Niliitafuta mwenyewe usiku, nikaikuta, na kama angeiandika kwa mistari miwili ningelipa tofauti hiyo siku ileile na kumshukuru.

Hilo ndilo ninalolipigania katika makala hii. Sidai kwamba mfanyabiashara awe na haki siku zote. Ninadai kwamba kila uamuzi wa kubadilisha kichwa cha bidhaa uandikwe, na utaje mambo matatu: kichwa kipya, kanuni iliyotumika, na maelezo yaliyoongoza. Uamuzi wa aina hiyo unaweza kusomwa, kupingwa, kukubaliwa na kukumbukwa mzigo unaofuata unapofika. Uamuzi wa mdomo hauna hata moja kati ya hayo; hubadilika afisa anapobadilika, na wakala wangu anaweza kuniambia mwezi huu hivi na mwezi ujao vile, akawa mkweli mara zote mbili.

Nimewahi kuliona likifanyika vizuri. Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado ninanunua kwa kuchangia kontena na wenzangu wanne, afisa mmoja mtu mzima alitaka kujua kama mabeseni yetu ni ya kaure, yaani 6910.10, au ni ya kauri nyingine, yaani 6910.90. Aliomba katoni moja ifunguliwe, akaliinua beseni akaliweka juu ya maturubai, akautoa ufunguo mfukoni na kugonga ukingo taratibu. Lilitoa mlio mrefu, mwembamba. Akaligeuza, akapitisha kidole chini, mahali ambapo rangi ya kung'aa haikufika, akadondoshea maji hapo na kusubiri aone kama yatanyonywa. Hayakunyonywa. Kisha akatueleza, huku akiandika kwenye nyaraka zetu, kwamba kaure huwa imeiva motoni hadi kuwa kama kioo, haipitishi maji hata bila rangi ya juu, na hulia ikigongwa. Tulikuwa tumetamka kinyume. Tulisahihisha, na nakala ile yenye mistari yake mitatu ya mwandiko wa mkono ninayo mpaka leo katika faili la dukani.

Kuna watakaoniambia kwamba wafanyabiashara wenyewe ndio walioharibu, kwa kuandika «vifaa vya ujenzi» kwenye ankara na kunyamaza. Ni kweli wapo, na wanatuumiza sisi tunaoandika kila kitu kwa jina lake. Dawa yao ni faini iliyoandikwa.

Na mzigo wa kodi wenyewe si mwepesi kiasi cha kuweza kuvumilia makosa. Tangu 1 Julai 2022 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina tabaka la nne la ushuru, la asilimia 35, juu ya yale matatu ya awali ya 0, 10 na 25, na bidhaa za kauri zilitajwa miongoni mwa zinazoguswa. Kwa kila shilingi 100,000 za thamani iliyofika bandarini, ushuru wa asilimia 25 pamoja na VAT vinakufikisha kwenye 147,500. Kwa asilimia 35 unafika 159,300, kabla ya tozo nyingine. Sipingi kulinda viwanda vya ndani. Marumaru yanayofyatuliwa Mkuranga na Chalinze ninayauza mwenyewe, na yana kichwa chake, 6907.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inanipa njia. Kifungu cha 229 kinasema anayeathiriwa na uamuzi anaweza kumwomba Kamishna wa Forodha aupitie ndani ya siku 30, Kamishna naye ana siku 30 za kujibu, na asipojibu katika muda huo anahesabiwa kuwa amekubali maombi. Mzigo unaweza kutolewa kwa dhamana wakati maombi yanasubiri. Ni kifungu kizuri, na wengi wetu hatukitumii kwa sababu mawakala wanatuambia tulipe tu yaishe. Lakini kifungu hicho kinataka mwombaji aeleze sababu za kuupinga uamuzi, nami ninawauliza wahusika kwa moyo wote: ninapinga vipi sababu ambazo hamkuniambia? Na kwa nini sioni hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza kichwa cha 6910, wakati kifungu cha 137 cha Mkataba wa Jumuiya kinataka Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wetu?

Juzi, siku ya 19 tangu ukaguzi, nilipeleka maombi yangu. Kwa kuwa sikuwa na uamuzi wa kuambatisha, niliambatisha ile hati ya tarakimu, ankara, picha ya tangi likiwa limefunguliwa mashine ikionekana ndani, na ukurasa wa Maelezo ya Ufafanuzi wenye mstari unaohusu matangi, nikiwa nimeupigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ushuru wa vyombo vya sabuni na mifuniko ya akiba nimeukubali katika aya ya kwanza ya barua. Nakala yangu ina mhuri wa mapokezi na tarehe, na nimeanza kuhesabu siku 30 kuanzia tarehe hiyo.