Msanii Mgeni Awe Jirani Kwanza

Wenzangu wakiniuliza nilichora nini Estonia, huwa naanza kwa kuwatajia watu: mama wa duka la kijiji, mzee wa kuni, dereva wa basi la asubuhi. Wao wanataka kuona picha, na picha zipo. Lakini naamini kabisa kwamba faida kubwa ya kumpeleka msanii akaishi kijijini ni yale maongezi ya mlangoni na dukani, na waandaaji wengi wa residensi za wasanii, yaani mipango ya kumkaribisha msanii aishi na kufanya kazi mahali kwa muda, hawayapi nafasi.

Estonia ni nchi ya watu wasiofika milioni 1.4, na karibu nusu ya ardhi yake ni msitu. Nilikuwa kusini-mashariki, mkoa wa Põlva. Mkoa huo ndio wenye Mooste, kijiji ambacho tangu 2001 kina MoKS, kituo kinachopokea wasanii wageni ndani ya eneo la kasri la zamani la makabaila wa Kijerumani. Msanii anayefika sehemu hizi inampasa aijue historia hiyo kabla hajafungua begi la rangi. Wakulima wa huku walikuwa watwana wa mabwana hao hadi 1819. Sehemu kubwa ya ardhi ikabaki ya mabwana mpaka Estonia ilipopata uhuru na kuigawa kwa sheria ya 1919. Kisha wakaja Wasovieti. Machi 1949 walikamata watu zaidi ya 20,000 nchi nzima na kuwapeleka Siberia, wengi wao wanawake na watoto, na wakulima waliobaki wakasukumwa kwenye mashamba ya pamoja. Wanakijiji hawa wameshapokea wageni wa kila namna waliokuja na mipango mikubwa. Akitokea mwingine na kamera shingoni, wana haki ya kumtazama kwanza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema Waestonia ni wakavu. Mtu wa Pwani kama mimi amezoea kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, hadi za mbuzi. Kule unaitikiwa kwa kichwa, basi. Kumbe urafiki unapitia njia nyingine.

Siku niliposhushiwa kuni za msimu wa baridi, mzee wa nyumba ya pili alivuka barabara bila kuitwa. Aliokota gogo lenye gome jeupe, akaligeuza gome likatazama juu ili mvua iteleze, akaacha upenyo wa vidole viwili, akaweka jingine. Kwenye ncha za safu alipishana magogo, moja hivi, moja vile, mpaka ikasimama yenyewe bila mti wa kuegemea. Tulifanya kazi kimya hadi giza likaingia. Ndipo akauliza, kwa Kiingereza chake kidogo na mikono mingi, kwetu tunapikia nini. Nikamwambia Dar es Salaam wengi bado tunatumia mkaa, ingawa gesi imeenea. Akataka kujua mkaa huo unatokana na mti gani, unachomwa vipi, unafikaje mjini. Nani mwingine Ulaya amewahi kuniuliza swali zuri hivyo kuhusu nyumbani? Kwenye maonyesho ya mijini huwa naulizwa jinsi ninavyojisikia kuwa msanii Mwafrika.

Baada ya hapo milango ilifunguka. Mke wake alinikaribisha kwenye sauna ya moshi, ile isiyo na bomba la kutolea moshi. Mawe hupashwa moto kwa saa nyingi, moto huachwa ufe, moshi hutolewa, ndipo watu huingia, kuta zikiwa nyeusi kwa masizi. Mila hiyo ya eneo la Võromaa iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Wanawake wa rika tatu walikaa pale wakimwagia maji mawe na kupigana migongo taratibu kwa matawi mabichi. Sikuchora mle, wala sitachora. Kuna sanaa nyingi siku hizi inayokula wenyeji wake, na nadhani tuseme wazi kwamba si kila tulichokaribishwa kukiona ni malighafi.

Ombi langu ni kwa wanaoandika fomu za residensi, huko Ulaya na hata hapa kwetu. Ondoeni sharti la kuonyesha kazi mwishoni, au lifanyeni hiari. Mpeni msanii majuma ya mwanzo asidaiwe chochote, akate kuni, apande basi, ajulikane dukani. Bajeti iwe na posho ya mkalimani wa kijijini, mtu anayeheshimika pale, na wanakijiji wawe na sauti katika kumchagua msanii anayekuja. Na wewe msanii mwenzangu, ukipewa kuchagua majira, chagua vuli. Viazi vinavunwa, uyoga umejaa msituni, na kila nyumba ina kazi ya mikono miwili zaidi.