Foto ya koko haikupigwa 2021

Jana umeme ulirudi usiku, nikafungua ordinateri nimutafute koko, mzazi wa mzazi wangu. Ile foto yake ya Birere, mutaa wa Goma, amevaa kitenge, amesimama mbele ya nyumba ya mbao yenye lava ya Januari 2002 ilikula yote. Nikashuka mu miaka ya 90, hakuna, 2002 hakuna, mwisho nikamukuta mu Mei 2021, katikati ya foto za anga jekundu juu ya volkano ya Nyiragongo na za watu wamebeba magodoro wanaelekea Sake. Juu yaya wangu aliipiga ile foto ya karatasi na simu Alhamisi tarehe 27, siku walituambia tuhame, akasema hii hatuiachi, kiisha programu ya kupanga foto ikasoma tarehe ya simu. Kwa programu, koko alisimama pale 2021, wakati koko hayuko na nyumba haiko tena.

Mi naona tunaachia tarehe kazi yenye haiwezi. Simu inaandika tarehe na saa ndani ya faili, na programu karibu zote zinapanga foto kufuata hiyo. Lakini foto zetu nyingi za familia zinapitia WhatsApp, na WhatsApp inaondoa ile habari, inabakia jina kama IMG-20210527-WA0012, na hiyo tarehe ni ya siku foto ilipita pale, si ya siku ilipigwa. Harusi ya 2015 yenye shangazi amekutumia wiki jana inakaa na za wiki jana. Na hata tarehe ikiwa sawa, haikuambii huyu ni nani.

Mimi natumia digiKam, programu ya kupanga foto kwenye ordinateri. Ni ya bure, haiombi intaneti kila mara, na huku mega zinaisha mbele ya wiki kuisha, hiyo si kitu kidogo. Google Photos nayo ilifunga ile nafasi bila kipimo tarehe 1 Juni 2021, siku kumi tu nyuma ya volkano kulipuka, ikabaki GB 15 zenye unagawana na barua pepe zako. Mu digiKam albamu ni folda ya kweli kwenye diski, ukiibadilisha jina ndani ya programu na folda inabadilika, hata kesho ukiacha programu, mpangilio wako uko palepale. Tarehe pia unaweza kurekebisha, koko nimemurudisha 1998, mama mukubwa anakumbuka juu mimba ya mutoto wake wa mwisho inaonekana pale pembeni.

Lakini tagi, yaani majina yenye unabandika kwenye foto, tafadhali, musikie hapa. Majina yenye unaandika yanaweza kubaki mu database ya programu peke yake. Mu mipangilio, upande wa metadata (habari zenye zinakaa ndani ya faili), kuna fasi ya kuchagua yaandikwe ndani ya faili ya foto yenyewe. Chagua hiyo leo. Mimi sikuchagua, mashine yangu ya kwanza ikakufa, foto nilikuwa nimezikopi kwenye diski ya inje zikapona zote, lakini majina ya miaka mitatu yakaenda. Niliumia sana, juu wawili kati ya wale walinipa hayo majina walikuwa wamekufa tayari.

Njo maana siku hizi kila Siku ya Mungu nyuma ya misa ninakaa na mama mukubwa mbele ya skrini. Anaweka kidole kwenye uso, anataja, ninaandika. Mara anakaa kimya kwanza, simusukume. Foto ya koko ina watu sita, watano wamepata majina. Wa sita ni mwanaume wa kofia, kando ya mulango, ameshika kibidoni. Mama mukubwa anasema alikuwa anashuka na maziwa kutoka Masisi, koko alikuwa anamupenda sana, jina halimurudilie. Nimeandika vile alisema: mutu wa maziwa, Masisi, rafiki ya koko. Siku ya Mungu yenye inakuja tutamupigia mama mudogo wa Bukavu, tumuulize.