Mimi Niliambiwa Nakamilisha Idadi Tu

Jamani kuna watu hawana haya. Asubuhi hii kapteni wetu katuma kwenye grupu jedwali la matokeo ya zile mbio zetu za kupokezana, mtu kwa mtu, kipande kwa kipande, dakika mpaka sekunde, na mbele ya jina langu kaweka rangi nyekundu. Nyekundu! Nani kamwomba? Grupu lenyewe lina watu ambao hata hawakukimbia, kuna shemeji wa mtu humo, kuna fundi aliyetengeneza gari la timu wakasahau kumtoa, wote sasa wanajua kwamba kilomita nane mimi zilinila saa nzima na ushee. Shemeji kaweka vile viganja viwili vya kuomba dua. Halafu kapteni kwa kunifariji eti akaandika chini "msikate tamaa, hata Kipchoge alianza taratibu". Kipchoge yupi? Yule wa Vienna 2019 aliyemaliza kilomita 42 na ushee kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40? Ndani ya muda wangu huo yeye nusu ya marathoni keshaimaliza na bado ana sura ya mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili.

Na mimi niliambiwa nakamilisha idadi. Hayo maneno sikuyaota, yapo kwenye simu. Timu inatakiwa watu kumi na wawili, mmoja goti likamsumbua, wakaangalia huku na huku wakaniona mimi nimekaa. "We njoo tu, utakimbia kidogo." Kidogo yenyewe ni vipande vitatu, mchana, usiku wa manane na asubuhi, na katikati unalala kwenye gari umekunja magoti mpaka kidevuni.

Kapteni ni mtu wa historia. Ukilalamika miguu inauma anakupeleka Japani. Mwaka 1917 Wajapani walikimbia kwa kupokezana kutoka Kyoto mpaka Tokyo, zaidi ya kilomita 500, siku tatu. Mpaka leo kila mwanzo wa Januari wanafunzi wa vyuo wanakimbia ile Hakone Ekiden, vipande kumi, siku mbili, kilomita zaidi ya 200, na badala ya kijiti wanavalishana mkanda wa kitambaa begani. Timu ikizidi kuachwa na wanaoongoza, yule anayefuata anaamriwa aondoke na mkanda mwingine, mwenzake anafika kituoni anatweta na mkanda wake mkononi hakuna wa kumpa. Akifika hapo kwenye hadithi kapteni ananitazama mimi. Watu wote kumi na mmoja wengine wapo, anatazamwa mimi.

Mazoezi sitaki kuyasimulia sana. Wataalamu wanasema mtu anayeanza akimbie kwa mwendo ambao anaweza kuongea sentensi nzima bila kukatika. Sawa, nikautafuta mwendo huo kwa uaminifu kabisa, nikapunguza, nikapunguza tena, mwendo ambao mimi naongea sentensi nzima ni kukaa. Kichomi kilikuwa kinanisubiri kila siku kwenye kona ile ile. Na yule dada wa ndani ya apu, sijui alilelewa wapi, "umekimbia kilomita moja", anatangaza kwa sauti barabarani watu wakisikia, halafu ananyamaza kidogo ndio anataja muda. Raba nilinunua zilizozidi kidogo maana mguu unavimba ukikimbia mbali, na kucha mbili zikawa nyeusi hivyo hivyo. Kuhusu mafuta ya mgando na sehemu yanakopakwa, tuheshimiane.

Siku yenyewe ikafika. Ndani ya gari harufu ilishakuwa mwanachama wa timu. Foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko kipande changu cha kwanza. Halafu kuna hii tabia imetoka kwa wenzetu, nadhani ni zile mbio za Hood to Coast kule Oregon, Marekani, ambako tangu 1982 watu wanashuka kutoka mlimani mpaka baharini kilomita kama 320: timu inachora kwenye kioo cha gari mstari kwa kila mtu waliyempita. Sisi kioo chetu kilikuwa kisafi. Ila nina uhakika mimi binafsi nipo kwenye vioo vya magari mengi sana.

Sasa sikilizeni habari ya kilima.

Kipande cha pili kikaniangukia usiku. Tochi kichwani, kizibao kinachong'aa, taa nyekundu inawakawaka mgongoni, ukiniona kwa mbali unajua hapa pametokea ajali. Barabara inapanda haina mwisho. Nikasikia nyuma yangu tap, tap, tap, hatua fupi fupi zisizo na haraka. Nikavuta kifua mbele, nikasema moyoni anipite kijana mmoja mwenye mbio zake tumalizane. Akatokea ubavuni mwangu mzee. Mzee kabisa, ndevu nyeupe, soksi kazivuta mpaka magotini, mikono imelegea, anapumua kwa pua. Kwa pua! Kwenye kilima!

Na mtu mzima akifika ubavuni kwako unafanyaje? Hata kama unakufa lazima umwamkie. Nikakusanya pumzi yote iliyobaki nikasema, "Shi..."

Ikaishia hapo.

"Marahaba mwanangu!" Kaitikia nzima nzima. Nikashukuru, nikajua yameisha. Wapi. "Habari za usiku?" Nikatikisa kichwa. "Za nyumbani?" Nikanyanyua kidole gumba. "Wazee hawajambo?" Kidole gumba. "Na mama watoto?" Nikanyanyua cha mkono wa pili ili aone nimelichukulia swali lake kwa uzito. Na si kwamba anauliza tu huku anaenda, hapana, mzee ana adabu zake, kila akiuliza anageuka ananitazama usoni anasubiri jibu.

"Mbona hunisemeshi, nimekuudhi?"

"Ha... hapa... mzee."

"Hapa wapi?"

Nikashindwa kumalizia. Akaniambia basi usijali, nitakusindikiza mpaka juu. Mimi nikiwaza huyu mzee ana timu yake inamsubiri, asindikize nini, mara namwona kafunga mikono nyuma. Nikatazama chini miguuni kwake. Anatembea. Mzee anatembea, mimi nakimbia, tupo bega kwa bega! Nikaongeza, nikaongeza kweli nikasikia na masikio yanapiga, naye akarefusha hatua kidogo tu huku anaendelea na mazungumzo. Kumbe alianza kukimbia baada ya kustaafu, sababu ya presha. Akaniambia fupisha hatua, usitupe mguu mbele ukatua kwa kisigino, usitazame kilele, tazama mita chache mbele yako. Ushauri mzuri sana, sikatai, ila ushauri wa mbio unapewa na mtu aliyefunga mikono nyuma anakagua barabara?

Mara gari la timu yake likaja taratibu pembeni, vijana wamejaa, muziki chini chini. "Babu, vipi, umechoka?" Mzee akajibu, "Mie mzima, nipo na huyu kijana hapa, hajisikii vizuri."

Mimi najisikia vizuri! Hii ndiyo sura yangu! Nilitaka kusema hivyo lakini maneno ni mengi mno kwa kilima kile, nikatoa vidole gumba vyote viwili, wao wakaona mtu anapunga mikono. Haikupita muda nikaona taa, huduma ya kwanza hao. Binti kashuka na mkoba wake, kanimulika machoni, kanishika mkono anatafuta mapigo, ananiuliza kwa upole, "Kaka, unaitwa nani?" Jina langu lina silabi nne, nilikuwa na pumzi ya mbili. "Leo siku gani?" Nami hapo ndipo nikakwama kweli, maana ilishapita saa sita usiku na kwa hesabu zetu siku inaanza jua likizama, nikaanza kupiga hesabu. Binti akamgeukia mwenzake na lile jicho lao. Na mzee, mzee wangu yule yule, akainama akamnong'oneza, ila kwa sauti ya wanaonong'ona wakiwa wazito wa masikio, "Hasemi. Tangu huko chini ni vidole tu."

Wakanikalisha! Kwenye kiti cha kukunja, barabarani, na kumbukeni saa ya kipande changu inahesabu, ndiyo hizo dakika leo zimepakwa nyekundu na mtu ambaye hakuuliza. Nilipokaa pumzi ikarudi, nikataja jina, siku, mwezi na mwaka, wakaniachia. Mzee akanipigapiga begani. "Haya mwanangu, mie natangulia, unisalimie nyumbani." Akaanza kukimbia, lakini sasa kukimbia kweli, sekunde chache haonekani. Na kutoka kwenye lile gari nikasikia sauti ya kike, "Chora mmoja!"

Hivi mtu haruhusiwi kuachwa nyuma kwa amani? Unanipita, nipite! Pita, chora mstari wako, nenda, mimi sina kesi na wewe. Nimelipa kiingilio, nina namba kifuani, nimevaa taa, kwa nini lazima mtu apunguze mwendo aje anihurumie kwa karibu? Huruma zipigwe marufuku kwenye vilima, waandike kwenye kanuni kabisa, chini ya ile ya kutokutupa chupa.

Kufika kituoni nimpokeze mwenzangu, hayupo. Kalala ndani ya gari na blanketi. "Tulijua utachelewa zaidi."

Kipande cha tatu kilikuwa mteremko na wote wakanionea wivu. Wivu wa nini, mteremko mnafiki ule. Kilima kinakuumiza papo hapo mnaachana, mteremko unakuchekea, kumbe paja kila hatua linafunga breki huku linavutwa, na msuli uliofanyishwa kazi namna hiyo unakuja kudai siku ya pili yake, ya tatu, umeshasahau. Mwisho pale tukaungana wote kumi na wawili tukamalizia mita za mwisho pamoja, tukavishwa medali, tukapigwa picha. Na nani amesimama katikati ya picha? Mwenye goti. Kaja na miwani ya jua, anarukaruka. Na fulana niliyopewa ni saizi yake.

Haya, leo nipo kazini, napanda ngazi bila tatizo, kushuka ndio siwezi, nashuka kinyumenyume nimeshika mbao, wahasibu wanapita wanasema pole utafikiri nimefiwa. Nikasema basi nitumie lifti, mtu mzima nina haki yangu. Mlangoni mwa lifti wamebandika karatasi, "Tumia Ngazi Kwa Afya Yako", wamechora na kikatuni kinakimbia kinacheka. Nimeulizia ni nani kabandika. Ni mtu wa utawala, na meza yake ipo chini pale, karibu na mapokezi, ngazi hajaikanyaga huyo tangu ajengewe ofisi, na huwa anaagiza watu wa ghorofa ya tatu wamletee mafaili.