Mwenyekiti wa Bodi: Mstaafu Mwenye Jina au Mwenye Karakana?

Mwenyekiti wa bodi akimaliza muda wake kwenye shirika linalofundisha vijana kazi, iwe Mbeya mjini, Mafinga au Tukuyu, majina huanza kutajwa kabla barua ya kuitisha kikao haijaandikwa. Mara nyingi ni ya watu wa aina mbili: mtumishi wa serikali aliyestaafu karibuni, au kiongozi wa dini anayeheshimiwa na kila mtu. Mwenye karakana ya kuchomelea vyuma kule Mwanjelwa hatajwi, ingawa ndiye anayewapokea vijana hao wakimaliza mafunzo.

Wanaompendelea mstaafu wana hoja nzito. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60, na kwa hiari kuanzia 55. Anatoka kazini nguvu bado anazo, muda anao, na anajua faili linavyotembea. Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 lina mengi ya kutimiza: taarifa za kila mwaka kwa Msajili, hesabu zilizokaguliwa, na cheti chenye ukomo wa miaka kumi tangu marekebisho ya 2019. Mtu aliyewahi kuwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri atasoma hesabu hizo na kuuliza swali ambalo mhasibu hakulitarajia.

Kiongozi wa dini naye asibezwe. Huku kwetu makanisa yamefundisha watu ufundi kwa miaka mingi. Pale Iringa, Neema Crafts, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, imewapa ujuzi na ajira watu wenye ulemavu ambao wengi waliwaona kama mzigo.

Lakini ukizitazama vizuri, sifa hizi zinahusu kulilinda shirika tu. Hakuna hata moja inayogusa swali lililofanya shirika lianzishwe: kijana amepata kazi?

Hapo ndipo mwajiri anapoingia. Mwenye kiwanda cha mbao Mafinga anajua ni fundi gani anayemkosa wiki hii. Anayesimamia mitambo ya chai Mufindi, au anayefungasha parachichi Rungwe na Njombe, anajua ujuzi gani unalipa na upi umejaa mtaani. Bodi isiyo na mtu wa namna hiyo inaweza kuendelea kufundisha ushonaji mwaka hadi mwaka kwa sababu moja tu, kwamba cherehani zililetwa na mfadhili na haifai zikae bure. Mwajiri atauliza waliomaliza mwaka juzi wako wapi, na hataridhika na picha za mahafali.

Kuna na faida nyingine isiyosemwa sana. Waajiri wenye wafanyakazi kumi au zaidi hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo mwaka 2023 ilishushwa hadi asilimia 3.5 ya mishahara. Ukienda kuwaomba nafasi za vijana kujifunza kwa vitendo, wengine watakujibu kwamba mchango wao wa mafunzo wameshautoa. Jibu hilo humnyamazisha mchungaji. Mwajiri mwenzao anayelipa tozo hiyohiyo atabishana nao.

Hata hivyo, hatari yake ni kubwa, na wanaoshabikia watu wa biashara huipita harakaharaka. Mwenyekiti mwenye karakana anahitaji vibarua, na shirika lina vijana wasiojua haki zao. Miezi miwili ya mafunzo kwa vitendo huwa sita bila malipo, na hakuna wa kukemea kwa sababu mkemeaji ndiye mnufaika. Au mbao za darasa la useremala zinanunuliwa kwake, kwa bei aliyoipanga mwenyewe. Hakuna katika hayo kinachohitaji mtu mwovu. Inatosha bodi iwe na aibu ya kumuuliza mkubwa. Ndiyo maana kabla ya kumpa kiti, iandikwe wazi kwamba hauzii shirika chochote, na kwamba wanafunzi wakienda kwake, mjumbe mwingine ndiye atakayefuatilia muda na posho zao.

Kwa masharti hayo, mimi ningemchagua mwajiri awe mwenyekiti, na mstaafu aongoze kamati ya fedha. Ningegeuza mpangilio huo kwa hali moja tu: shirika lenye viporo vya taarifa kwa Msajili au hesabu zisizoeleweka. Hapo aletwe kwanza anayejua kunyoosha mafaili. Mwanasiasa sijamweka popote. Sheria yenyewe inataka mashirika haya yasifungamane na chama, na uchaguzi ukikaribia kila mtu hupenda kugawa vyeti.

Kuna mtu mmoja ambaye mjadala huu humkwepa, naye ni mkurugenzi mwanzilishi. Ndiye anayejua wafadhili, ndiye anayepanga ajenda, na mara nyingi ndiye anayependekeza jina la mwenyekiti atakayempima yeye mwenyewe. Katika miji yetu, ambako bosi na mwenyekiti wanaweza kuwa wa usharika mmoja au hata wakwe, jina la namna hiyo likishapita hakuna tena wa kumwambia hapana. Kamati ya kutafuta mwenyekiti iwe ya wajumbe watatu, mkurugenzi akiwa nje.

Na nafasi itangazwe. Redio za mkoani, chemba ya wafanyabiashara TCCIA, ofisi ya SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, na mbao za matangazo za makanisa na misikiti zitafika kwa watu ambao bodi haiwajui. Ila sharti la shahada ya uzamili liondolewe, maana linamfungia nje fundi mwenye wafanyakazi kumi na watano. Anayeishi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, anaweza kusaidia kutafuta fedha akiwa mjumbe. Uenyekiti unahitaji mtu wa kupita karakana siku ambayo hakutarajiwa.

Wakibaki wawili au watatu, kila mmoja apewe hesabu za mwaka uliopita na orodha ya wahitimu, akae nazo nusu saa, kisha asikilizwe anauliza nini kwanza. Anayeanza na posho ya kikao au gari la shirika aagwe kwa heshima zote.