Mvua ya Mabomba Kihansi

Mradi mkubwa ukigusa ardhi oevu, ahadi huwa ileile: tutatengeneza nyingine, au tutafufua iliyokufa. Sisi Watanzania tunao mfano wetu, korongo la Kihansi kwenye milima ya Udzungwa, na nadhani tumeusoma nusu tu.

Wanaoutetea mradi wa bwawa la umeme uliojengwa pale wana hoja. Megawati 180 si haba kwa nchi iliyozoea mgawo wa umeme, na eneo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko lilikuwa la hekta chache tu. Tena halikutelekezwa. Maji yalipochepushwa mwaka 2000, mto ukabaki na kama sehemu moja ya kumi, vinyunyizio vilitandazwa kwenye miteremko, na mimea ya unyevu ikaanza kurudi. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa manjano anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, aliyegunduliwa 1996 na asiyepatikana kwingine kokote duniani, akaongezeka. Juni 2003 walikadiriwa kufika 20,989.

Namba hiyo ndiyo inayonisumbua. Mkaguzi ambaye angefika mwezi ule angefunga jalada: fidia imelipwa. Januari 2004 walionekana vyura watatu, na madume wawili wakasikika wakiita. Ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura ulikuwa umeingia; wengine walishuku pia viuatilifu kwenye tope lililofunguliwa kutoka bwawani. Mwaka 2009 chura huyo akatangazwa kutoweka porini.

Kwa hiyo wanaosema ardhi oevu ya kutengenezwa haifuti deni wasiambiwe kwamba wanajali vyura kuliko watoto wanaosomea koroboi. Hawajadai bwawa libomolewe. Wanachosema ni kwamba maporomoko hayakuhitaji fundi, ilhali kinyunyizio huziba, bomba hupasuka, na bajeti ikikatwa mteremko unakauka. Hata aliyemwokoa chura si bomba: ni vyura 499 waliopelekwa Marekani mwishoni mwa 2000, wakazalishwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Uzao wao ulirejea Dar es Salaam mwaka 2010, na 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Gharama ya namna hii haiishi siku ya uzinduzi. Mikataba ya mabwawa yajayo iiandike kama gharama ya uendeshaji, ilipwe kutokana na mauzo ya umeme kwa miaka yote mitambo inapozunguka, na akiba ya viumbe hai, yaani wachache wa kuzalishwa kwingine, itengwe kabla maji hayajachepushwa.