Bastola ya nkambo: itambueni kwanza, msiitengeneze

Matanga ya nkambo, yaani babu yetu, yalipokwisha, tulifungua sanduku lake la bati pale Kamalondo, Lubumbashi. Chini kabisa, chini ya koti la harusi na karatasi zake za kazi za Union Minière, kampuni ya migodi ya Katanga, kulikuwa na kitambaa kilicholowa mafuta ya injini. Ndani yake, bastola ya kuzungusha silinda, ndogo kiasi cha kufichika kiganjani. Baba mdogo alinyamaza, kisha akasema kile ambacho ukoo ulikuwa ukinong'ona miaka yote: hii ni bastola ya vita, ya tangu 1960, Katanga ilipojitenga na Kongo.

Siku iliyofuata aliipeleka kwa fundi wa kuchomelea kule Kenya (mgeni ajue kwamba Kenya ni komini ya hapa hapa Lubumbashi). Nilipofika, fundi alikuwa ameshaanza. Ili atuonyeshe itakavyong'aa, alikuwa amepitisha msasa upande mmoja wa silinda. Kutu ilitoka kweli. Ilitoka pamoja na nusu ya mihuri iliyogongwa kwenye chuma. Palikuwa na nyota ndogo na herufi chini yake, sasa imebaki mikwaruzo tu. Nilisikia uchungu kana kwamba mtu amefuta jina kwenye kaburi.

Maana mihuri ile ndiyo inayosema. Nilitazama kwanza matundu matano ya silinda, moja moja kwenye mwanga, yote matupu. Kisha niliweka karatasi nyembamba juu ya upande uliosalia nikaisugua kwa penseli. Taratibu ikajitokeza duara ndefu kama yai, ndani yake herufi E, L na G, na juu yake taji. Huo ni muhuri wa Liège, Ubelgiji, ambako kila silaha ilipitishwa kwenye nyumba ya majaribio kabla ya kuuzwa. Taji liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo bastola yetu haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Jina la kiwanda halipo. Karakana nyingi za Liège zilitengeneza bastola ndogo namna hii bila kuandika jina.

Umbo lake lilimalizia habari. Kifyatulio kinakunjwa kama kisu cha mfukoni, hakina kikingio, nyundo imefichwa ndani ya mwili ili isinase kwenye nguo, na silinda ni ndefu kuliko unavyotegemea kwa bastola ndogo hivi. Hiyo ni Velo-Dog. Ilibuniwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya waendesha baiskeli waliokuwa wakifukuzwa na mbwa barabarani. Risasi zake ni nyembamba na ndefu, na ziliuzwa hata zile zilizojazwa pilipili badala ya kipande cha risasi, ili mbwa akimbie asife.

Baba mdogo hakuipenda habari hiyo. Alitaka bastola ya vita, nami nikampa bastola ya mbwa. Lakini akaegemea meza, akasema, «Nkambo alikuwa na baiskeli.» Alikuwa nayo kweli, na sisi sote tulikuwa tumeisahau.

Bado alitaka itengenezwe. «Tuiweke sawa, mwanangu, itulinde usiku.» Hapo ndipo nilipokataa, na ninakataa hadi leo. Springi ya kifyatulio ilikuwa imekatika, na fundi alikuwa tayari kuikata nyingine kutoka kwenye bapa la msumeno wa chuma. Springi si tatizo kubwa. Tatizo ni silinda. Kila tundu lazima lisimame sawasawa nyuma ya mtutu, na yetu ilikuwa inachezacheza ukiigusa kwa kidole. Tundu likipinda kidogo tu, risasi hukwanguliwa ukingoni na vipande vya risasi huruka pembeni, kwenye mkono wa mpigaji au uso wa aliye karibu. Tena, bastola iliyojaribiwa Liège kwa baruti isiyo na moshi, ile ya risasi za leo, hupewa muhuri wa herufi PV. Kwenye upande uliosalimika sikuuona. Ukichomelea chuma kile chepesi, umekipasha moto na kukibadilisha, halafu unatia risasi ya leo yenye nguvu zake. Anayeitwa mlinzi wa nyumba ndiye atakayeumia wa kwanza.

Na kuna sheria. Ile ya silaha ya nchi yetu, ya tarehe 3 Septemba 1985, inataka kibali kwa anayeshika silaha, na neno «urithi» halikupi kibali. Mafundi wetu ni hodari, wanafufua magari ambayo wengine wameyatupa, lakini mtu anayewaletea bastola anawaletea hatari ambayo hawakuitafuta.

Mimi na baba mdogo tuliipeleka wenyewe kwa wakubwa, mchana, ikiwa imefungwa, tukarudi na karatasi yenye mhuri. Kabla ya kuondoka nilimpa baba mdogo penseli. Alisugua muhuri wa Liège mara ya pili, polepole, ulimi ukichungulia kama mtoto anayejifunza kuandika. Karatasi hiyo iko sebuleni kwake, chini ya picha ya nkambo, na wajukuu wakiuliza herufi zile ni za nini, anaanzia na baiskeli.